Mbuyu wa Ndani ya Bidoni

Huku kwetu Butembo, mtu mkubwa akifa redio hutangaza kwamba baobab imeanguka. Nimelisikia tangazo hilo kwa wafanyabiashara, kwa machifu, na kwa mzee mmoja ambaye sote tulijua hakuwa hata jiti la kuegemeza maharage. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mti wenyewe. Huku juu milimani kuna ukungu, mikaratusi na migomba. Mbuyu, ambao sisi tunauita baobab, hauna shughuli hapa, na ukimwomba mtu akuonyeshe mmoja atakuonyesha mti wowote mnene.

Mtu mmoja tu alilichukia tangazo hilo, naye ni jirani yangu Prof Siméon.

"Baobab hapana kuanguka," alikuwa anasema, anazima redio. "Inaoza ndani pole pole, halafu siku moja inaikala chini yenyewe. Inabakia kamba-kamba tu."

Kisha anaiwasha tena, kwa sababu alitaka kusikia ni nani aliyekufa.

Alinifundisha biolojia sekondari, huko Beni, zamani nikiwa na nywele za kusuka vizuri. Somo la mbuyu ndilo alilolipenda kuliko yote. Shina linaloweka maji kama pipa. Gome linalobanduliwa kusokota kamba, na likaota tena, jambo ambalo miti mingine haisamehe. Majani yanayopikwa kama sombe, yale majani ya muhogo. Tunda lenye unga mweupe mchachu. Na wale watu wa nchi za joto wanaosema Mungu aliukasirikia akaupanda kichwa chini, mizizi juu. Alilifundisha miaka ishirini na saba kwa picha moja ya kitabuni, nyeusi na nyeupe, ambayo panya walikuwa wamekula upande wa matawi.

Mwaka wangu aliuliza kwenye mtihani: kwa nini mbuyu huacha majani yote wakati wa kiangazi? Nikaandika: kwa sababu umekufa. Nikapata sifuri. Darasani tulikuwa thelathini na wanane, na nadhani thelathini waliandika kama mimi. Tungejuaje? Huku kwetu mti una majani Januari hadi Desemba. Ukivua majani, watu wanaleta shoka. Kando ya sifuri yangu aliandika kwa wino mwekundu neno moja: "Unapumzika." Niliona ni uonevu, na mpaka leo nikikumbuka nakunja uso kidogo.

Sasa mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na Prof ni mstaafu. Sote wawili tulikimbia Beni tukajikuta kwenye parcelle moja, yaani kiwanja kimoja, hapa Butembo, yeye vyumba viwili, mimi kimoja, jiko moja la mbao katikati ya ua. Ndiyo maana naweza kuisimulia habari hii. Sehemu yake kubwa niliiona kwa macho, na iliyobaki ukuta wetu ni mwembamba.

Prof alifiwa na mkewe Kavuo mapema, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Lévi. Lévi hakupenda kitabu. Alikuwa anaenda na malori ya mizigo, Beni, Kasindi mpakani, mpaka Mombasa. Safari moja alirudi na kitu kama boga refu lenye manyoya ya kijani, akaliweka juu ya meza ya baba yake.

"Papa, ile muti yako iko kule mingi kama migomba," alimwambia. "Batu banafunga bitambaa ku shina, banaogopa kuikata. Hii ndiyo tunda yake. Uonje."

Prof alilipasua kwa nyundo. Eliane, mke wa Lévi, ndiye aliyenisimulia kwamba mzee alitia kipande cha ule unga mweupe mdomoni, akafumba macho mpaka wakadhani umemkaba.

"Miaka makumi mbili na saba," akasema mwishoni, "nafundisha batoto kitu sijaonja."

Alichagua mbegu kumi na moja, ngumu kama mawe. Alizimwagia maji ya moto, akaziacha zilale humo usiku kucha, akazipanda. Kumi zilioza. Moja iliota. Lévi akakata bidoni la manjano, yaani dumu la plastiki, katikati, akatoboa chini, na kwa msumari uliopashwa moto akaandika ubavuni BAOBAB. Hakupima nafasi. Herufi za mwanzo alizifanya kubwa kama za duka, akafika kwenye pembe ya bidoni na B ya mwisho ikakosa pa kukaa. Ikabaki BAOBA. Prof alimcheka mwanawe kwa wiki nzima, na mti ukaanza kukua ndani ya kosa hilo la tahajia.

Miaka miwili baadaye lori la Lévi lilishambuliwa barabara ya Kasindi. Liliteketezwa. Dereva walimkuta amekufa. Lévi hawakumwona, si mwili, si kiatu. Wengine walisema watu wa porini walimchukua kubeba mizigo yao, na wapo waliowahi kurudi kutoka huko baada ya mwaka, baada ya miwili, wamekonda, hawataki kuongea. Kwa hiyo mlango wa matumaini ulibaki wazi kidogo, na mlango wa namna hiyo unaingiza baridi nyumbani kuliko ule uliofungwa au uliofunguka kabisa.

Vita vilipokaribia mtaa wao, Prof, Eliane na mtoto Léa, aliyekuwa bado ananyonya, walipanda moto, yaani pikipiki, kuja Butembo. Watu walikimbia na magodoro, mbuzi, cherehani kama mimi. Prof alikimbia na bidoni lenye kijiti. Alilipakata njia nzima, na kwenye vizuizi askari waliuliza ni bangi ya aina gani.

Hapa baridi ilikuwa adui wa mti ule. Prof aliuweka jikoni, mbali na moshi lakini karibu na joto la jiko, akausogeza dirishani upate jua la asubuhi, akaunywesha nusu kikombe kila siku ya pili. Nusu tu, kwa sababu ukizidisha mizizi inaoza. Eliane alijifunza kipimo hicho, Léa naye alikijua kabla hajajua kuhesabu. Na kwa kulelewa hivyo mwaka mzima, mti ukasahau majira yake. Majani yalikuwa yanakauka moja moja na mengine kuchipua, kama mti wowote wa kwetu. Shina lake lilinenepa chini kama kiazi.

Mwaka wa pili tangu Lévi apotee, wazee wa ukoo walianza kusema kuhusu kilio, yaani matanga. Kwa kawaida yetu, mtu bila kilio hajafa. Na mke wake bado ni mke wake. Pasta Ésaïe wa kanisa letu alikuja kwa upole, akakalia kiti cha plastiki, akasema Mungu anajua mahali Lévi alipolala. Prof alimwonyesha jikoni kwa kidole.

"Pasta, Lévi ndiye alileta hii muti. Iko mbichi. Siku itakufa, mutaimba kilio. Mbele ya pale, hapana."

Alilisema mbele ya wazee, mbele ya Eliane, mbele yangu. Na alilirudia kila walipokuja, mpaka likawa kama sheria ya ua wetu. Ulimi hauna mfupa, lakini ulimi wa mwalimu una chaki: ukishaandika, darasa zima limeona.

Mimi nilimwona Eliane siku hizo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa anauza viazi na maharage ya kwao Musienene, anarudi, anapika, anamhudumia mkwewe bila kunung'unika. Hakuwa mjane, hakuwa na mume. Kwenye harusi hakujua akae na akina nani. Kisha alitokea Timothée, fundi mwashi wa Kipese, mtu mtulivu aliyefiwa na mke, ambaye alikuwa anakuja kununua viazi visivyokwisha. Mtu mmoja hawezi kula viazi vile vyote. Nilimtania Eliane, akacheka, halafu akalia hapo hapo.

"Mama Agar, mimi naangalia ile muti kila asubuhi," aliniambia. "Kama iko na jani mupya, roho yangu inashuka. Mungu anisamehe. Niko naombea kifo ya muti."

Nilishona kifungo ambacho hakikuwa kimekatika.

Mwaka jana mwezi wa saba Prof alishikwa na malaria, akalazwa siku kumi na saba. Eliane alikuwa anaenda hospitali asubuhi na jioni na chakula. Jikoni moshi ulikuwa mwingi, kuni zilikuwa mbichi, akautoa mti nje ya mlango upate jua, kisha akausahau. Nami niliusahau, nilikuwa na sare mia mbili za kumaliza. Mvua haikunyesha. Upepo wa kiangazi ulikuwa unashuka usiku na baridi yake. Alipoukumbuka, majani yote yalikuwa chini, na kilichosimama kilikuwa kijiti cha kijivu, kitupu, urefu wa mtoto wa miaka sita.

Alikuja kunigongea. Hakuna aliyeuombea mti ule kifo kama yeye, na sasa aliona kama ameuua kwa mkono wake.

"Papa atasema nilifanya makusudi."

Habari haikai ndani ya parcelle yenye nyumba sita. Kabla Prof hajaruhusiwa kutoka hospitali, wazee walishaambiwa, mjomba wa Eliane alishapanda gari kutoka Musienene, na Pasta Ésaïe alishapanga siku. Walimpa mzee siku tatu za kupumua nyumbani. Siku ya nne wakaja, saa tisa mchana, wakakaa uani kwenye mabenchi, na bidoni likawekwa katikati yao kama mshitakiwa.

Pasta aliomba, kisha akasema, "Prof, sisi hatukukuya kukuumiza. Ni wewe mwenyewe ulisema. Uangalie."

Prof alikuwa amekonda, koti lilimwelea. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye mti, akainama akiwapa wote mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa jikoni na sinia la chai, kwa hiyo niliona wasichoona wao. Aliminya shina pale chini liliponenepa: lilikuwa gumu, limejaa. Kisha kwa ukucha wa dole gumba akakwaruza gome, mkwaruzo mdogo kama wa kufuta herufi.

Chini ya gome palikuwa kijani. Kijani kibichi kabisa, chenye maji.

Neno la wino mwekundu lilinirudia kichwani miaka yote ile baadaye. Mti haukuwa umekufa. Uliachwa bila maji, ukakumbuka ulivyo, ukavua majani na kupumzika. Katika Butembo nzima, pengine, watu waliolijua jambo hilo walikuwa wawili, na mmoja alilijua kwa kupata sifuri.

Prof aliufunika ule mkwaruzo kwa dole gumba lake. Akageuza kichwa. Hakumtazama Pasta wala wazee. Alimtazama Eliane, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka, amempakata Léa, macho ameyainamisha kama mtu anayengoja kupigwa. Alimtazama muda wa kutosha kwa chai yangu kupoa.

"Imekufa," akasema.

Eliane akaanza kulia kwa sauti. Mjomba wake akavua kofia. Prof akasimama pale pale, dole gumba lake bado liko kwenye shina, na akasema lingine, kwa sauti ya darasani: "Na huyu mutoto, Léa, aende na mama yake. Najua kama desturi inasema ni wa kwetu. Lakini mutoto mudogo anaikala fasi mama iko. Hapana kunibishia."

Hakuna aliyembishia.

Walipoondoka nilimfuata jikoni. Nilikuwa na hasira, hata sijui na nani.

"Prof, mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Kijani."

Alikaa juu ya kigoda, akajifuta jasho. "Agar, wewe ulipata zéro ku ile question. Basi ikala na zéro yako." Kisha akaongeza taratibu: "Mimi sikusema Lévi alikufa. Sijue, siwezi kusema. Nilisema muti."

Nimelifikiria sana neno hilo. Mtu aliyetumia maisha yake kusahihisha makosa ya wengine alidanganya juu ya kitu kimoja tu alichokijua kwa hakika, ili asidanganye juu ya kile asichokijua.

Kilio kilifanyika Jumamosi. Tuliweka picha ya Lévi na shati lake la safari juu ya meza, tukaimba, tukala maharage na ugali. Kijana wa redio aliyeandika tangazo alitaka kutia ile baobab yake. Prof aliifuta kwa kalamu.

Mwezi wa kumi Eliane aliolewa Kipese. Asubuhi ya kuondoka alifagia ua mzima, hata upande wangu, akakunja nguo za mkwewe, akamwonyesha chumvi iko wapi, kama vile mzee hakuwa na macho. Léa alipanda mgongoni kwa babu yake hakutaka kushuka. Tuliwasindikiza mpaka barabarani. Prof alipunga mkono, na gari lilipopita kona aliendelea kupunga kidogo, kisha akautazama mkono wake akautia mfukoni.

Sitaupamba upweke uliofuata. Ulikuwa mbaya. Alikuwa anapika sufuria la watu watatu, anakula robo, kesho anapasha moto, kesho kutwa anamwaga. Nilikuwa nampelekea sombe, anashukuru "wasingya" na kuniuliza maswali marefu kuhusu kushona ili nisiondoke haraka. Nami nilikuwa na kazi, nilikuwa naondoka. Nasema kweli, kuna jioni nilizima taa mapema ili asijue niko macho. Kupitia ukuta nilimsikia anasoma Biblia kwa sauti, na mara nyingine anasoma lile somo la zamani: shina, gome, majani, tunda.

Mti ulichipua na mvua za mwezi wa tisa, wakati harusi bado inapangwa. Niliuona kwanza kama nukta nyekundu-kahawia kwenye ncha. Tangu siku hiyo Prof alifunga jikoni kila mgeni alipoingia uani. Pasta akija, mlango unafungwa. Mjomba wa Musienene akija kuleta salamu, mlango unafungwa, na mimi nasingiziwa kwamba nimepika kitu kinachonuka. Kwa sababu neno lilikuwa limetoka mbele ya wote: mti ukiwa hai, hakuna kilio, pasipo kilio, Eliane ni mke wa Lévi, na Timothée aliye naye nyumbani ni mwizi wa mke.

"Zamani niliogopa ikufe," aliniambia siku moja, anaunywesha nusu kikombe chake. "Sasa naogopa batu bajue iko muzima. Na niko peke yangu nayo, Agar. Peke yangu kabisa."

Mwezi uliopita, siku ya Jumapili baada ya ibada, Eliane alikuja bila kutoa taarifa. Alikuwa amenenepa, tumbo lake limefika miezi saba, na kikapu cha viazi kichwani. Prof alikuwa anaota jua mlangoni kwake. Alipomwona alisimama haraka akaelekea jikoni, lakini miguu ya mzee haishindani na ya mtoto wa miaka sita. Léa alishaingia.

"Mama, kuya uone," aliita kutoka ndani. "Muti ya Koko iko na mikono."

Kweli, safari hii majani ya mti wa babu yake yalitoka na vidole vitano, kama yale ya mbuyu mkubwa. Eliane alitua kikapu, akaingia. Mimi nilisimama mlangoni. Prof alisimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Jikoni hamkuwa na pa kujificha. Mti ulikuwa dirishani umejaa majani, na bidoni lilikuwa limetuelekea, BAOBA, kwa zile herufi kubwa za mtu asiyepima nafasi.

Eliane alizisoma. Nilimwona anazisoma. Mkono wake ulishuka ukakaa juu ya tumbo.

"Hii ni ingine," Prof akasema. Sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi aliyeshikwa na karatasi ya kuibia. "Lévi alileta mbegu mingi. Hii nilipanda kisha. Ile ya mbele ilikufa."

Mti mpya, wenye urefu wa kifua na shina kama kiazi, ndani ya bidoni lile lile. Hata mimi wa sifuri nilijua hesabu hiyo haiingii.

Eliane hakugeuka. Alichota kikombe kwenye ndoo, akamwaga nusu irudi ndooni, nusu iliyobaki akauwekea mti, polepole, kuzunguka shina, kama alivyofanya miaka yote ile.

"Ndiyo, papa," akasema. "Ni ingine."

Akalishika bidoni kwa mikono miwili, na tumbo lake likimzuia, akalizungusha taratibu mpaka maandishi yakaelekea ukutani. Alipotoka alipiga magoti mbele ya mkwewe, akaweka kichwa chake kwenye magoti ya mzee. Prof alimwekea mkono kichwani. Mimi nilikwenda kumenya viazi kwa sababu sikuweza kuwatazama.

Walikula pamoja, Léa akaimba nyimbo za shule, jua lilipopungua wakaenda zao kuwahi gari la Kipese. Prof aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi peke yake, akaingia jikoni na kukaa humo kitambo bila kuwasha moto.

Asubuhi nilipokwenda kuchukua makaa, mti ulikuwa dirishani kama kawaida yake, na maandishi ya Lévi yalikuwa yamegeuzwa tena, yanaangalia mlango.